Je, Kuna Aliyemwuliza?

Hotuba iliyosomwa na kamati ya kikundi kimoja cha kujisaidia mbele ya mkutano wa vikundi jirani. Imechapwa kama ilivyosomwa. Maswali ya mazungumzo yako mwishoni.

Tumeombwa tuzungumze juu ya picha za uchi na filamu za ngono. Tunaona baadhi yenu mmeshaangalia chini. Hata sisi tuliangalia chini tulipopewa mada hii. Tungependa zaidi kuzungumza juu ya mbolea au mbuzi wa maziwa. Lakini jambo hili limeingia katika kikundi chetu mara mbili, na mara zote mbili tulikosea. Ndiyo sababu tumekubali kusimama hapa. Tumekuja kueleza makosa yetu ili nyinyi msiyarudie.

UKUMBI WA MABATI

Wengi mnaujua ukumbi wetu pale sokoni. Tuliujenga kwa harambee, huyu akileta mawe, yule mchanga, na asiye na kitu akaleta mikono yake. Mwaka 1993 alikuja kijana mmoja mwenye jenereta, televisheni na mashine ya video, akaomba kuukodi. Sh. 800 kwa mwezi, na alikuwa akilipa mapema. Kwa kikundi kama chetu hiyo ilikuwa pesa. Tulinunua mbegu, tukawakopesha wanachama karo ya shule, tukaweka akiba kidogo.

Mchana alionyesha mpira na sinema za karate, sh. 5 kila mtu. Ikifika saa tatu usiku, madirisha yalizibwa kwa magunia na bei ikapanda ikawa sh. 20. Hapo iliwekwa kaseti nyingine. Jameni, tuseme ukweli: tulijua. Labda si wote, lakini mweka hazina alijua na mwenyekiti alijua. Na sisi wengine ambao hatukujua, hatukuuliza kwa nini wavulana wa darasa la saba wanasinzia shuleni. Kodi ilikuwa ikija, nasi tulikuwa tukiihesabu.

Siku moja mama mmoja mwanachama alitoka usiku kumtafuta mwanawe, akamkuta amekaa mstari wa mbele. Mtoto alikuwa na miaka 12. Tukaitisha mkutano. Tulizozana kuanzia saa nane mchana mpaka jua likatua. Mzee mmoja tuliyemheshimu sana akasimama akasema: "Kodi nyingine tutaipata wapi? Na wale wanawake wa kwenye kaseti, si walikubali wenyewe? Si walilipwa? Sisi inatuhusu nini?"

Hakuna aliyemjibu. Tulipiga kura, upande wa kufunga ukashinda kwa kura 3, na mpangaji akahama mwisho wa mwezi. Ukumbi ukakaa bure karibu mwaka mzima. Tukajisifu kwamba tumewaokoa watoto wetu na jina la kikundi. Na ni kweli, mtoto wa miaka 12 hakufaa kuwa mahali pale. Lakini angalieni jambo hili. Katika mjadala wote ule tulizungumza juu ya watoto, juu ya kodi, na juu ya aibu yetu. Yule mwanamke wa kwenye kaseti hakuna aliyemtaja isipokuwa yule mzee, na yeye alimtaja ili kufunga mazungumzo. Swali lake tuliliacha palepale sakafuni. Leo tumekuja kuliokota.

KICHEKO SI JIBU

Yule mzee aliona mwanamke anatabasamu, akasema amekubali. Hebu tuangalie tabasamu moja linalojulikana duniani.

Mwaka 1972 ilitengenezwa huko Marekani filamu ya ngono iliyopata sifa kubwa mno. Mwanamke aliyeigiza ndani yake aliitwa Linda Lovelace. Jina lake hasa lilikuwa Linda Boreman. Filamu iliingiza mamilioni ya dola. Watu walimwona akitabasamu, na wengi wakasema huyu ni mwanamke huru anayependa kazi yake.

Mwaka 1980 alitoa kitabu, akaeleza mambo mengine kabisa. Alisema mume wake wa wakati ule alikuwa akimpiga na kumtisha kwa bunduki. Alisema alama za kipigo zinaonekana mwilini mwake katika filamu yenyewe, mwenye macho na aangalie. Alisema malipo yake yalikuwa dola 1,250, na mume ndiye aliyezichukua. Mwaka 1986 alitoa ushahidi mbele ya tume ya serikali iliyokuwa ikichunguza biashara hiyo, akasema kwamba kila anayetazama filamu ile anamtazama yeye akibakwa. Wapo walioshiriki filamu ile waliobisha, wakasema pale walipokuwa wakipiga picha hawakuona akilazimishwa. Linda alifariki mwaka 2002.

Sasa, sisi tuliokaa kwenye mabenchi ya ukumbi wetu tungejuaje? Kamera inaonyesha kile tu ambacho mwenye kamera anataka kionekane. Haionyeshi ni nani anayesubiri nyuma ya mlango, wala kilichosemwa jana usiku nyumbani. Na kicheko kinaweza kuagizwa. Kila mama hapa aliyewahi kuwapikia wageni chai na kucheka nao huku moyo unamuuma, analijua hilo bila kufundishwa.

KARATASI PIA SI JIBU

Mtasema, "Haya, huyo alipigwa. Lakini yule ambaye hakupigwa, akatia sahihi, akapokea pesa?"

Basi sikilizeni kesi ya San Diego, mji wa jimbo la California huko Marekani. Kulikuwa na watu waliotengeneza filamu za ngono na kuziuza katika tovuti yao ya intaneti. Kiongozi wao alikuwa Michael Pratt, mzaliwa wa New Zealand. Walitangaza kazi ya kupigwa picha za mavazi. Waliojibu walikuwa wasichana wa miaka 18 na kupita kidogo, wengi wao wanafunzi wa vyuo waliohitaji pesa. Baadaye ndipo walipoambiwa kazi yenyewe ni ipi.

Waliposita, waliahidiwa hivi: video haitawekwa kwenye intaneti hata siku moja, itauzwa kwenye diski tu, tena mbali, nchi kama Australia na New Zealand, jina lako halitajulikana. Hata walipigiwa simu na wanawake wengine waliolipwa ili waseme, mimi nilifanya na hakuna aliyejua. Wakasafirishwa kwa ndege, wakafikishwa katika chumba cha hoteli, wakapewa makaratasi marefu na kuharakishwa watie sahihi. Baadhi yao walieleza kwamba walipotaka kuacha, walizuiwa.

Ahadi zote zilikuwa uongo. Video ziliwekwa kwenye intaneti, na ndiko zilikokusudiwa kwenda tangu mwanzo. Zikafika kwa wazazi, kwa ndugu, kwa wanafunzi wenzao. Maisha ya wengi yakavurugika.

Wanawake 22 wakaenda mahakamani. Mwezi wa Januari 2020 jaji aliamua kwamba walidanganywa. Akaamuru walipwe karibu dola milioni 13, na haki za video zao zirudi mikononi mwao wenyewe. Yale makaratasi yaliyotiwa sahihi hayakuwasaidia wale watu. Ikafuata kesi ya jinai. Mmoja wao, Ruben Garcia, alifungwa miaka 20 mwaka 2021. Pratt alikuwa ametoroka Marekani. Akakamatwa Hispania Desemba 2022, na Septemba 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 27.

Kwa nini tunawapeleka mbali hivyo? Kwa sababu wasichana wale hawakushikiwa bunduki. Mtu akitazama angesema wamekubali. Lakini walikubali nini? Walikubali hadithi waliyoambiwa. Waliyofanyiwa yalikuwa mengine.

RIDHAA TUNAIJUA

Tusijifanye kwamba ridhaa ni jambo geni, la wasomi. Tunalijua vizuri sana linapohusu mali.

Ukitaka kuuza robo ekari ya shamba, huwezi tu kumpa mnunuzi karatasi. Tangu sheria ya mwaka 1967, shamba la kilimo linapitia mbele ya bodi ya ardhi. Pale mwenye shamba anaulizwa, na mke anaulizwa: "Mama, unajua shamba hili linauzwa? Umelazimishwa?" Mama akiangalia chini bila kujibu, wazee wa bodi wanajua kuna jambo, na shughuli inasimama. Hawatosheki na sahihi. Hawatosheki na kunyamaza. Sasa, kama kwa robo ekari tunauliza hivyo, mwili wa binadamu je?

Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema mtu ameridhia pale anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Sisi tumeigawa katika maswali matano ambayo kila mwanachama anaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwanza: alikuwa huru? Anayetishwa, au anayeambiwa kwamba asipokubali hatapata kazi, mkopo au karo, hayuko huru.

Pili: alijua? Aliyefichwa ukweli amekubali uongo, na uongo si mkataba.

Tatu: alikubali jambo gani? Kukubali kupigwa picha si kukubali picha isambazwe. Kumpa mtu mmoja si kuwapa watu elfu.

Nne: anaweza kubadili nia? Shambani mtu akisema nimechoka tunamwachia jembe. Lakini picha ikishatoka haina mlango wa kurudia. Kwa hivyo ridhaa yake inahitaji uangalifu zaidi.

Tano: ni mtu mzima? Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa picha kama hizo, hata mtoto akisema ndiyo, hiyo si ndiyo.

MTU NA KITU

Lugha yetu inatufundisha. Tunasema mtu huyu, watu hawa. Lakini tunasema kitu hiki, vitu hivi. Hata mtoto mdogo havichanganyi. Sasa keti pale stendi ya matatu msichana akipita, usikie vijana: "Ona hicho kitu!" Wanacheka. Nasi wakubwa tunacheka.

Kitu kina tabia zake. Hakiulizwi. Kinanunuliwa, kinatumiwa, kinatupwa kikichakaa. Mbuzi mnadani anashikwa meno, anapimwa mgongo, anageuzwa nyuma, na hakuna anayemwambia "samahani". Filamu hizi nyingi zinamgeuza mwanamke vivyo hivyo. Kamera inamkata vipande: paja, kifua, kiuno. Uso wenyewe si muhimu. Hana mama, hana kijiji, hana kesho. Yupo kwa ajili ya anayetazama tu. Na si filamu za usiku peke yake. Angalieni kalenda zilizotundikwa kwenye baa, na baadhi ya nyimbo za video ambamo mwanamume anaimba amevaa koti na wanawake wamevaa karibu hakuna kitu. Kijana anayekula chakula hicho kila siku atajifunza kuuliza wapi? Ni nadra filamu ya aina hiyo kumwonyesha mtu akiuliza, "Unataka?" na kusubiri jibu.

Hapa tuwe wa haki. Wako wanawake watu wazima walio katika kazi hiyo ambao wanasema waliichagua wenyewe, na hawapendi kuonewa huruma. Hatukuja kuwabishia. Lakini hata wao wanadai jambo hilihili: waulizwe, neno lao la hapana liheshimiwe, na kazi yao isichukuliwe wala kusambazwa bila ruhusa. Yule anayesema ndiyo na yule anayesema hapana, wote wawili ni watu. Anayesahau kuuliza ndiye amewafanya vitu.

Na tukiziita picha hizo "picha chafu", tujihadhari. Mara nyingi uchafu tunampaka aliye kwenye picha. Aliyemdanganya, aliyeuza na aliyetazama wananawa mikono na kwenda kula.

SIMU ILIPOZUNGUKA MEZA

Sasa tumefika pagumu.

Kuna binti wa mwanachama mwenzetu, mtu mzima, mwenye kazi yake. Alikuwa na rafiki mjini. Yule kijana alimwomba picha, naye akampa moja, kwa kuwa alimwamini. Walipoachana, kijana akaituma kwa wenzake. Haikuchukua siku mbili ikawa kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa soko. Mama mzazi akaja kwetu analia: "Nisaidieni."

Kamati tukakutana, katika ukumbi uleule wa mabati. Mmoja wetu akasema lazima tuwe na hakika kabla ya kuchukua hatua. Kijana fulani akatoa simu. Simu ikazunguka meza. Tulikuwa watu 11, wanaume kwa wanawake. Kila mmoja aliitazama. Mwingine alivaa miwani kwanza. Halafu sauti ikatoka, na si ya yule mzee, yeye alikuwa amekwishafariki. Sauti ikasema: "Lakini si alijipiga mwenyewe? Si alikubali?"

Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita. Swali lilikuwa lilelile.

Tukamwita binti aje ajieleze. Alisimama mlangoni, hakuketi. Hakulia. Alituuliza neno moja tu: "Mmeiona?" Tukanyamaza. Akasema: "Mimi nilimpa mtu mmoja. Nyinyi mmepewa na nani? Ni nani aliyeniuliza?" Akageuka akaenda zake. Alihamia kwa shangazi yake, akakaa huko karibu miaka miwili.

Tulijiita wasaidizi wake, kumbe tulikuwa watazamaji 11 zaidi. Hatukuhitaji kuiona. Neno la mama lilitosha. Tulifanya pale mezani yaleyale tuliyoyafungia ukumbi: tuliziba madirisha, tukamtazama mtu kama kitu.

Baadaye tulikwenda kwa shangazi, tukamwomba binti msamaha. Hakutujibu siku ile. Tulirudi tena. Na kabla ya kuandika hotuba hii tulimwuliza kama tunaweza kuyasema haya hadharani. Alisema tuseme, lakini tusitaje jina, wala mwaka, wala mahali anapokaa sasa. Tumefanya hivyo. Kwa hivyo tafadhali, baada ya mkutano huu msituulize ni nani.

SHERIA NA MSAADA

Tulijifunza tukiwa tumechelewa kwamba aliyeonewa ana mahali pa kwenda.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta na mitandao inasema kusambaza picha ya siri ya mtu mwingine ni kosa. Adhabu ni faini isiyozidi sh. 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kumbukeni: msambazaji si yule wa kwanza tu. Wewe uliyeipokea ukaituma mbele umejiingiza mwenyewe. Ikiwa picha ni ya mtoto, mambo ni mazito zaidi: faini inaweza kufika sh. milioni 20, au kifungo cha hadi miaka 25, au vyote viwili. Na hapo hata kuiweka tu kwenye simu yako ni hatari.

Mwenye picha aweke ushahidi: ujumbe aliotumiwa, tarehe, namba za simu, jina la kundi. Apeleke polisi, na aende na mtu anayemwamini. Nyinyi wengine futeni, msitume kwa yeyote "aone tu".

Kwa msaada na ushauri, namba 1195 ni ya wanaodhulumiwa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Iko pia huduma ya intaneti iitwayo StopNCII, iliyoanza mwaka 2021, kwa watu wazima. Aliyeonewa anachagua picha iliyo kwenye simu yake. Picha haiendi popote, ila huduma inatengeneza alama ya namba. Kampuni zilizojiunga zinatumia alama hiyo kuizuia picha isiwekwe kwao. Haiondoi kila mahali, lakini inapunguza. Kijana wa kikundi anayejua mambo ya simu amsaidie mwenye shida kuifungua, kisha ampe simu yake amalizie mwenyewe, bila kutazama.

YULE ANAYELIPA

Rudini kidogo kwenye ile sh. 800. Biashara hii inasimama kwa pesa, kama biashara yoyote.

Mwezi wa Desemba 2020 gazeti la The New York Times liliandika habari za wasichana, wengine wakiwa watoto, ambao video zao zilikuwa katika tovuti kubwa ya ngono bila ridhaa yao. Wengine walikuwa wamelalamika muda mrefu. Siku chache baadaye kampuni za kadi za malipo, Visa na Mastercard, zilikataa kupitisha malipo ya tovuti ile. Nayo ikaondoa mamilioni ya video ambazo walioziweka hawakuwa wametambulishwa. Machozi ya miaka hayakufanya kilichofanywa na kadi kwa siku chache.

Mtu atasema, "Mimi silipi, natazama bure." Hapana. Kila anayefungua anahesabiwa, na hesabu hiyo inauzwa kwa wenye matangazo. Kuku anayedonoa mahindi ya bure hajui kwamba anapimwa uzito.

TULIVYOAMUA

Hatukuandika sheria ndefu. Tulikubaliana mambo manne, nayo yamo katika kitabu cha kikundi.

Moja, ukumbi wetu haukodishwi kwa kazi ambayo sisi wenyewe tunaona haya kuiuliza. Mwenye kukodi anasema kazi yake, na wanachama wawili wanapita usiku kuona.

Mbili, katika kikundi chetu simu haizunguki. Mwanachama akileta malalamiko ya namna ile, tunamsikiliza yeye. Picha haiangaliwi.

Tatu, tunakaa na wavulana wetu, si wasichana peke yao. Kwa miaka mingi tulimwambia binti ajifunike, ajichunge, asitume. Mvulana hatukumwambia kitu. Sasa tunamfundisha yale maswali matano, na tunaanzia na la kwanza.

Nne, na hili liliwashangaza wengi: kikundi hakimpigi mama picha bila kumwuliza. Tulikuwa na mazoea wageni wakija. "Mama, simama hapo na mtungi, beba na huyo mtoto mgonjwa." Picha inakwenda kwenye ripoti, inafika ng'ambo, na mama haijui ilikokwenda. Picha ile haina ngono, lakini ugonjwa ni uleule. Tangu tuanze kuuliza, akina mama watatu wamekataa. Tuliwashukuru, tukawapiga picha mahindi.

Yule binti amerudi siku hizi. Si mwanachama wetu. Tulimkaribisha, akasema atafikiri. Hilo ni jibu lake, nasi tunalisubiri bila kumsukuma.



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA VIKUNDI

1. Je, kikundi chetu kinapata pesa yoyote ambayo hatujauliza inatoka wapi?

2. Mtu akisema "alikubali mwenyewe", tumwulize maswali gani kabla ya kuliamini neno hilo?

3. Simu ingezunguka meza yenu leo, nani angekuwa wa kwanza kuirudisha bila kuitazama?

4. Wavulana wetu wanajifunza wapi namna ya kumwuliza mtu na kupokea neno la hapana? Nani katika kikundi atazungumza nao, na lini?